Nilikuwa wakala, kura tulizohesabu kituoni sio zilizosomwa kwenye majumuisho. Tunaanzia wapi?

BintiMakonde

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Niko kijijini huku juu Umakondeni, mkoa wa Mtwara, wilaya naiacha maana kijiji chenyewe kidogo nikitaja tu wananijua. Jumatano ile ya tarehe 27 Novemba 2024, uchaguzi wa serikali za mitaa, nilikuwa wakala wa chama chetu kwenye kituo cha kitongoji chetu, kiapo nilikula, barua ya utambulisho ninayo, nimekaa pale tangu wanafungua saa mbili asubuhi mpaka karatasi ya mwisho inahesabiwa usiku. Kijiji kina vitongoji vinne, kila kitongoji na kituo chake.

Sasa sikilizeni. Kuhesabu kwenyewe kulikuwa kwa amani sitaki kumsingizia mtu. Tukaanza kura za mwenyekiti wa kitongoji, tukaja za mwenyekiti wa kijiji, tukamalizia wajumbe, tunamulika na tochi za simu maana taa ya darasani ilikuwa haifai kitu. Karani anainua karatasi anaisoma kila mtu anaiona mi napiga mstari kwenye daftari. Mwenyekiti wa kijiji wa kwetu akapata 143 mwenzie 96, zilizokataliwa 6. Hakuna aliyebisha, hata wakala wao. Tukasaini. Nakala ya kitongoji nilipewa, ya wajumbe nilipewa, kufika ya kijiji naambiwa karatasi za nakala zimeisha utachukua kesho kwa mtendaji. Nilibishana mpaka sauti ikakauka lakini ilishakuwa saa tano usiku na sanduku lishafungwa kwenye bodaboda.

Asubuhi kwenye majumuisho ya vituo vyote vinne msimamizi msaidizi anasoma kituo chetu 110 kwa 121!! Yaani nilisimama nikasema hapana sio hizo, nikaambiwa kaa chini wewe sio msimamizi. Vituo vitatu vingine wenzangu wana nakala zao na vilisomwa vilevile, jumla yake wa kwetu 301 na mwenzie 318. Kwahiyo kwa tulivyohesabu mgombea wetu ana 444 kwa 414 kashinda kwa kura 30, kwa walivyosoma ana 411 kwa 439 kashindwa kwa 28.

Wazee wa chama wanasema tukate rufaa kwa Katibu Tawala, wengine wanasema twende kwa DC, vijana wao wanataka kwenda kupiga kufuli ofisi ya kijiji. Na mimi kila kona naulizwa "we si ndo ulikuwemo ndani, ulikuwa unaangalia nini". Naombeni mwenye kujua, sio kejeli tafadhali.

Korosho_Ghafi

Pole dada ila ngoja nikwambie ukweli hata kama unauma. Nchi nzima vijiji wametangaza CCM asilimia 99 na 2019 ilikuwa zaidi ya hapo maana vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa, sasa wewe unakuja na kura zako 28. Msimu huu wa 2024 mnada ulifunguka zaidi ya elfu nne kwa kilo, kauze korosho zako uezeke nyumba, hiyo nauli ya mahakamani ni bati mbili tatu hizo.

MtuWaNgapa

We mwenye korosho, kesho AMCOS, chama cha ushirika, wakusomee kilo 28 pungufu pale kwenye mizani utasema "aah nchi nzima wanapunjwa" halafu uondoke? Si utakaa palepale kama kisiki mpaka gunia lirudishwe juu lipimwe tena. Sasa mwache mwenzio naye akae kwenye mizani yake.

Dada BintiMakonde, mi niko Lindi na mambo haya nimeyafuata tangu ule uchaguzi wa Desemba 2014. Kwanza futa hilo la Katibu Tawala. Ile kamati ya rufani anayoongoza Katibu Tawala wa wilaya kazi yake ni wakati wa uteuzi, mtu kaenguliwa jina, fomu imekosewa, anawekewa pingamizi, huko ndo wanahusika. Matokeo yakishatangazwa hawana kitu cha kukupa, watakupokea vizuri tu watakwambia andika barua na siku zako zinakwenda. Kwa DC ndo kabisa, utakunywa soda urudi.

Uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa uko chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na una kanuni zake zilizotangazwa mwaka 2024. Asiyeridhika na matokeo anakwenda Mahakama ya Wilaya, ndani ya siku 30 tangu yatangazwe. Hizo siku 30 hazina huruma, mkifika ya 31 hata mngekuwa na sanduku lenyewe kichwani hawawasikilizi. Na piga hesabu vizuri, zinaishia kwenye Krismasi pale pale, watu wameshaondoka ofisini, wengine wako kwao. Msisubiri.

Na hao vijana wa kufuli wazuieni leo hii. Wakifunga ofisi kesi itakayosikilizwa haraka ni ya kwao, na mgombea wenu ataanza kuitwa mchochezi badala ya mlalamikaji.

Pweza_wa_Shangani

Naongezea kwa MtuWaNgapa. Afungue mgombea mwenyewe. Sio wewe wakala, sio mwenyekiti wa chama tawi, sio mpiga kura mwenye uchungu. Mnakumbuka ya Lema Arusha? Aprili 2012 Mahakama Kuu ikamvua ubunge, kesi ilifunguliwa na wapiga kura. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudishia, na hoja kubwa haikuwa kama alisema au hakusema yale maneno ya kwenye kampeni, hoja ilikuwa hao waliofungua haki yao ipi imeguswa. Ile ilikuwa ya ubunge na sheria yake ni nyingine, lakini wakili wa upande wa pili ataibeba tu akiona kuna mwanya. Kesi nyingi za uchaguzi zinafia kwenye mapingamizi ya awali kabla shahidi hata mmoja hajapanda, mara walioshtakiwa sio wenyewe, mara ombi halijaandikwa inavyotakiwa, mara kiapo kina kasoro. Kwahiyo hapo msichangie mbwembwe, tafuteni wakili aandike hiyo kitu.

Kama hela hamna kuna wasaidizi wa kisheria kwenye wilaya, wanatambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya 2017. Hawatasimama mahakamani badala ya wakili lakini watawaonyesha mlango na wengine wanajua mawakili wanaopunguza bei.

mwl_kipindi_cha_nane

Dada naomba nikuulize maswali mawili kabla sijasema lolote. Mi ni mwalimu, nimesimamia vituo chaguzi zilizopita, sio mwaka huu. Moja, mlipofungua sanduku karatasi za mwenyekiti wa kijiji zilikuwa ngapi kwa jumla? Mbili, matokeo ya mwenyekiti wa kitongoji kwenye kituo chako hichohicho yalikuwaje? Taja yote na zilizokataliwa.

BintiMakonde

Shikamoo mwalimu. Waliopiga kura ni 245, ndo idadi ya majina yaliyowekewa alama na karatasi za kijiji zilitoka 245 na za kitongoji 245. Kijiji ndo kama nilivyosema 143, 96 na 6. Kitongoji ngoja nifungue daftari.

BintiMakonde

Jamani. Mwenyekiti wa kitongoji wa kwetu 110, wa kwao 121, na kulikuwa na mgombea wa chama cha tatu ambacho kijiji hakikusimamisha mtu, yeye 11. Zilizokataliwa 3. Mwalimu hizi ndo zilizosomwa!! 110 na 121 ni za kitongoji!

mwl_kipindi_cha_nane

Marahaba mwanangu. Ndo nilichokuwa nakihisi. Usiku ule una fomu za aina tatu mbele yako, umeamka saa kumi alfajiri, hujala, kila mtu anataka kuondoka, na fomu zinafanana sura. Anayehamisha namba kutoka karatasi ya rafu kwenda kwenye fomu akivuta karatasi ya kitongoji badala ya ya kijiji basi ndo hivyo. Inawezekana imetokea hivyo. Inawezekana pia fomu mliyosaini ilikuwa sahihi na hii iliyosomwa ikaandikwa njiani. Hilo la nia liwekeni pembeni kwanza maana mkianza na neno wizi mtatakiwa mthibitishe wizi, mkianza na neno namba mna namba mkononi.

Sasa angalia. 110 na 121 ni 231. Ukijumlisha zilizokataliwa za kijiji 6 unapata 237. Karatasi ndani ya sanduku 245. Kura 8 ziko wapi? Ukisema walichukua na zilizokataliwa za kitongoji yaani 3 unapata 234, zinapotea 11, na hizo 11 ndo zile za chama cha tatu ambacho kwenye kijiji hakikuwa na mgombea! Fomu hiyo popote ilipo HAIWEZI kufunga hesabu. Labda wawe wameongeza zilizokataliwa mpaka 14 kuziba pengo, na hapo wewe na wakala wa chama cha tatu na wakala wa kwao mnajua zilikuwa 6. Kwenye majumuisho zilizokataliwa zilisomwa ngapi?

BintiMakonde

Hawakusoma mwalimu, walisoma za wagombea wawili tu halafu jumla. Na iliyobandikwa nje ya ofisi ni jumla ya kijiji, sio kituo kwa kituo.

mwl_kipindi_cha_nane

Basi hiyo fomu ya kituo chako ndo kitu cha kwanza kutafuta. Mgombea aandike barua kwa msimamizi wa uchaguzi kule halmashauri kuomba nakala ya fomu ya matokeo ya kituo hicho, barua nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokelewa na tarehe, abaki nayo. Wakitoa mtaona. Wakikataa au wakikaa kimya nako ni jibu, wakili atalitumia.

Na ile nakala ya kitongoji uliyopewa usiku ule ndo dhahabu yako. Unaiona? Ni karatasi yao, sahihi yao, inasema 110 na 121 ni matokeo ya kitongoji. Halafu matokeo yaliyosomwa ya kijiji kwenye kituo kilekile namba zilezile mbili. Daftari lako lingekuwa peke yake wangesema umeliandika nyumbani ukiwa na hasira. Sasa lina mwenzie.

Chuma_cha_Nachingwea

hapa ndo naipenda hii jukwaa, mwalimu kapiga hesabu ya darasa la nne kamaliza mchezo. swali la kizushi kidogo, sisi wananchi wa kawaida tunaruhusiwa kukaa pale nje tukasubiri kuhesabu? maana kwetu polisi jamii alikuja akatufukuza chini ya mwembe saa kumi na moja jioni eti tumeshapiga kura twende nyumbani

Pweza_wa_Shangani

Chuma hilo lilishaenda mpaka Mahakama Kuu Oktoba 2015, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, kwenye mjadala wa zile mita 200, yaani kama mtu akishapiga kura anaweza kukaa umbali huo kutoka kituoni. Mahakama ikasema watu wakishapiga kura wasibaki kwenye eneo la kituo. Kwahiyo wanaoruhusiwa kuona kura zinahesabiwa ni mawakala walioapa, wagombea, wasimamizi na makarani, polisi wa zamu na waangalizi wenye kibali. Wewe chini ya mwembe hata ukibaki huoni kitu, unaona mlango. Ndo maana wakala ni mtu wa kuchaguliwa kwa akili, vyama vingi vinampa mtu yeyote mwenye njaa ya posho, anasaini fomu tupu saa nane mchana akapate chakula. Huyu dada ni mfano wa tofauti, mstari kwa mstari mpaka usiku.

Na usichanganye mambo. Huu wa vijiji ni TAMISEMI. Ule wa diwani, mbunge na rais ni Tume ya Uchaguzi. Utaratibu na sheria ni nyingine. Ya rais ndo Katiba yetu ibara ya 41 imefunga mlango kabisa matokeo yakishatangazwa hakuna mahakama, japo Mahakama ya Afrika pale Arusha 2020 ilisema kifungo hicho kinavunja haki. Lakini hapo tumetoka nje ya kijiji.

Korosho_Ghafi

Haya hesabu nimeiona, nzuri, sibishi. Ila mkumbuke Kafulila Kigoma Kusini 2015, alisimama na fomu zake za vituo anasema nimeshinda hizi hapa, kesi ikaenda, 2016 mahakama ikamwambia hapana na Mwilima akabaki na ubunge. Na yule alikuwa mbunge, ana mawakili, ana magazeti. Huyu dada ana daftari la kaunta buku.

MtuWaNgapa

Na ndo vizuri umeitaja. Vituo vya jimbo zima ni mamia, kila kimoja una wakala wako, una karatasi yake, una mtu wa kumhoji, huyu anasema hivi yule anasema vile, ukikosa viwili vitatu ushahidi unaanza kuvuja. Hapa kituo kimoja. Fomu moja. Vituo vitatu vingine hakuna ubishi pande zote. Na mahakama siku zote inauliza kasoro hiyo imebadilisha matokeo au haijabadilisha. Kasoro ikiwa ya kura tano wakati tofauti ni mia mbili wanakwambia kweli kuna kasoro ila nenda nyumbani. Hapa kasoro yenyewe ndo imemgeuza mshindi, hamna haja ya kueleza sana.

Waombe kabisa na sanduku lifunguliwe kura zihesabiwe upya mbele ya mahakama. Karatasi zenyewe ndo shahidi asiyepewa hela. Na zisipopatikana, lakiri ikawa imekatwa, muulizaji mzuri atajua la kufanya na hilo.

Dada, yule wakala wa chama cha tatu mnasalimiana?

BintiMakonde

Tunasalimiana, ni kaka wa shoga yangu tulicheza naye unyago. Nilikwenda kwake jana jioni. Yeye pia ameandika na ana 143 na 96, kaandika nyuma ya kalenda. Anasema yeye hana shida na aliyetangazwa wala na wa kwetu, mgombea wake kapata 11 kashalala, ila alichokiona ndicho atakachokisema.

mwl_kipindi_cha_nane

Huyo muwahini. Aandike maelezo yake leo, kwa mkono wake, tarehe na sahihi, wakili atayageuza kuwa kiapo. Sio kwa ubaya, lakini mwezi mmoja kijijini ni mrefu, ataitwa na huyu, atapikiwa na yule, mjomba atamwambia "unajiingiza kwenye nini". Shahidi asiye na maslahi ndo hakimu anamsikiliza kuliko wewe, wewe ni wa chama kilichoshindwa.

Halafu mje mkumbuke kwa safari ijayo, msimamizi akishajaza fomu mwambieni aisome kwa sauti jina la nafasi kwanza ndo namba, kwa tarakimu na kwa maneno, na wakala asisaini kabla hajajumlisha mwenyewe kura za wagombea na zilizokataliwa zikafika idadi ya karatasi zilizotoka sandukuni. Dakika tatu tu hizo. Na nakala ni haki ya wakala, ikisemekana zimeisha iandikwe kwa mkono kwenye karatasi yoyote msimamizi asaini, hata nyuma ya bahasha.

Pweza_wa_Shangani

Na mtu asije akawadanganya kwamba jamaa akishaapishwa basi imekwisha. Anaapa, anakalia kiti, anagonga mihuri, na kesi inaendelea hivyohivyo. Msiporidhika na Mahakama ya Wilaya kuna Mahakama Kuu hapa Mtwara mjini.

BintiMakonde

Asanteni sana wakubwa zangu. Sasa shida iliyobaki sio mahakama, ni mgombea mwenyewe. Anasita. Mkewe anasema waache, aliyetangazwa ni shemeji wa kaka yake, korosho bado ziko ghalani hela haijatoka, mvua zimeanza watu wako shambani, na juzi katika msiba alikaa karibu na huyo mwenzie wakachangia sahani moja. Anasema "nikienda mahakamani nitaonekana na roho mbaya". Na nyie mmesema bila yeye hakuna kesi.

MtuWaNgapa

Usimshawishi kwa siasa. Nenda na ile nakala ya kitongoji, daftari, na kalamu ya risasi. Mwambie ajumlishe mwenyewe. Na mwambie kwamba kwenye ombi lenu hamumtaji shemeji kuwa mwizi, mnasema namba za fomu hii zimekwenda kwenye fomu ile, hiyo ni kauli ambayo hata huyo mwenzie anaweza kuisikia bila kurusha sahani.

Akikataa baada ya hapo basi ni haki yake pia, kiti ni chake.

Korosho_Ghafi

Kama anakataa mje mniambie, nitakuja na ile bati.

BintiMakonde

Wakuu nimetoka kwake sasa hivi. Alijumlisha, akafuta, akajumlisha tena, akamwita mtoto wake wa kidato cha pili naye akajumlisha. Mkewe ndo aliyeuliza "sasa hizi nane zimekwenda wapi?" na hapo nikaona mambo yamegeuka. Akanyamaza kidogo halafu akaniuliza wakili wa karibu yuko Masasi au mpaka Mtwara mjini.

Barua ya kuomba fomu tunapeleka halmashauri kesho, nakala mbili kama mwalimu alivyosema. Jumanne tunashuka na basi la alfajiri. Huyo kaka wa kalenda nimemwambia maelezo ayaandike usiku huu, kalenda yenyewe asiitoe kwa mtu, wapige kopi. Mwenye kumjua wakili asiyemaliza hela yote ya korosho kwa mkupuo mmoja aje inboksi tafadhali, na wewe Korosho_Ghafi hiyo bati naichukulia kama mchango wa nauli.